Ukiona chuma chenye alama hii, usikiguse: taka za nyuklia na sisi wa Kasigau

Kama uko Maungu, Voi au Mackinnon Road na una mkokoteni, makala haya ni yako kwanza. Wengine mnaweza kukaa nyuma mkasikiliza.

Ninajua unachofikiria. Taka za nyuklia ni mambo ya wazungu, mambo ya filamu, mambo ya watu wenye mavazi meupe na barakoa. Huku kwetu tunasumbuliwa na ndovu shambani na mabomba ya maji yanayokauka. Lakini msee, ngoja kidogo. Watu wengi waliokufa au kuungua kwa taka za mionzi nje ya vituo vya nyuklia hawakuwa wanasayansi. Walikuwa watu wa skrapu. Vijana wa mizani, nyundo na gunia, kama wale unaowaona kando ya barabara ya Mombasa kila asubuhi.

Chukua mji wa Goiania, nchini Brazil, mwaka 1987. Kliniki moja ya kutibu saratani ilihama na kuacha mashine yake ndani ya jengo bovu. Septemba 13, vijana wawili waliingia, wakang'oa kichwa cha mashine kwa sababu kilikuwa kizito, na kizito ni pesa. Wakakipeleka nyumbani kwa toroli, wakakifungua. Ndani kulikuwa na kidonge cha chuma chenye unga wa seziamu-137. Kikauzwa kwa mwenye yadi ya skrapu. Usiku jamaa akaona unga unawaka rangi ya buluu, mwanga mzuri ajabu. Akaita majirani waje waone. Akagawia ndugu na marafiki. Wengine walijipaka mwilini kama mapambo. Mtoto wa miaka sita alikula chakula akiwa na unga huo mikononi.

Wiki mbili zilipita kabla ya mtu yeyote kujua ni nini. Walikuwa wakitapika na kuharisha, ngozi zinachubuka, na madaktari wanadhani ni ugonjwa wa kawaida. Aliyeshtuka ni mke wa mwenye yadi. Aliona kila aliyekaa karibu na kile kitu anaugua, akakitia kwenye mfuko na kukipeleka hospitalini kwa basi. Ndiyo, basi la abiria. Watu wanne walikufa, akiwemo yeye na yule mtoto. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa uwanjani, na 249 wakapatikana na uchafu wa mionzi mwilini au ndani ya mwili.

Sasa shika hesabu hii. Unga wote ulikuwa gramu 93, chini ya nusu pakiti ya majani chai ya gramu 250. Kuusafisha kulizaa takriban mita 3,500 za ujazo za taka: udongo, matofali, nguo, vitanda, miti, hata mbwa na kuku. Kama lori lako la mchanga linabeba mita kumi, hizo ni safari 350. Kwa gramu 93!

Na si Brazil pekee. Mwaka 2000 huko Samut Prakan, Thailand, kichwa cha mashine ya kobalti-60 kilifika kwenye yadi ya skrapu. Watu watatu walikufa. Mwaka 2010 ikawa Mayapuri, soko la vyuma chakavu la Delhi, India. Huko chanzo kilikuwa kifaa cha zamani cha maabara ya chuo kikuu, kilichouzwa kwa mnada na watu waliosahau kilichomo ndani. Mmoja akafa. Ona mfululizo: hospitali, chuo, mnada, yadi. Hakuna gaidi hapo, hakuna bomu. Kuna mtu wa ofisini aliyetaka kupunguza vitu vya stoo, na kijana aliyetaka chakula cha jioni.

Ndiyo maana nikisema sayansi ya kutupa taka za mionzi, usianze kuwaza mapango na maroboti. Anza na swali la kijinga kabisa: hiki kitu kiko wapi leo, na nani anakihesabu?

Sasa tuingie kwenye sayansi yenyewe. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo nitaieleza vile ningemweleza mtu stejini, na wewe utaielewa.

Kwanza tofautisha mionzi na uchafu wa mionzi. Jiko la makaa lina joto na lina jivu. Joto linakuunguza ukiwa karibu. Ukirudi nyuma, limekwisha. Jivu likikuingia nywele na mapafu, unatembea nalo hadi nyumbani. Mionzi ni lile joto. Uchafu ni lile jivu, isipokuwa hili jivu linaendelea kuunguza popote lilipo. Kapsuli ya kobalti ikiwa nzima ndani ya ganda lake la risasi, unaweza kupita karibu na usidhurike. Ikipasuliwa kwa nyundo, jivu liko huru.

Ndiyo maana pia mashine ya eksirei isikutishe. Ile inatengeneza miale kwa umeme. Zima swichi, basi, ni chuma na kioo tu. Lakini zipo mashine zinazobeba kito chenyewe cha mionzi tumboni, na hizo hazina swichi. Za kutibu saratani kwa kobalti au iridiamu. Vipimo vya kuangalia kama udongo wa barabara umeshindiliwa vizuri. Vifaa vya kuchungulia nyufa kwenye mabomba ya mafuta. Vya kupimia viwango kwenye viwanda vya simiti. Ukifikiria barabara, reli na bomba la mafuta lililopita Taita Taveta, utaona kwamba vitu hivi si wageni kwetu.

Pili, jambo zuri kuhusu taka hizi, na sijui kwa nini hakuna anayelitaja: zinakufa zenyewe. Sumu kama risasi au zebaki hukaa sumu milele. Kitu chenye mionzi kinapungua kila siku, na hakuna anayeweza kukizuia wala kukiharakisha. Chukua mtungi wa lita 20. Kila siku unatumia nusu ya kilichobaki. Kesho zimebaki 10, keshokutwa 5, halafu mbili na nusu. Siku ya kumi umebaki na vijiko kadhaa, karibu moja kwa elfu ya ulichoanza nacho. Kwa mionzi, hiyo "siku" inategemea kitu chenyewe. Teknesiamu wanayokuchoma hospitalini kupiga picha za mifupa, nusu yake huisha kwa saa sita. Iodini-131 ya kutibu tezi ya shingo, siku nane. Kobalti-60, miaka mitano na ushee. Seziamu-137, miaka 30. Amerisiamu-241, ambayo iko kwenye baadhi ya vifaa vya kunusa moshi darini, miaka 432. Plutoniamu-239, miaka 24,000.

Zidisha kila moja kwa kumi na utapata wazo la muda wa kulinda. Teknesiamu: siku mbili na nusu. Iodini: miezi mitatu hivi. Kwa hivyo hospitali haihitaji pango kwa hizo. Inahitaji chumba chenye kufuli, lebo yenye tarehe na mtu mvumilivu. Glavu na sindano zinakaa pale mpaka zipoe, zinapimwa, kisha zinatupwa kama taka nyingine za hospitali. Seziamu inahitaji miaka 300, na hapo tayari tunazungumza vizazi kumi. Plutoniamu ni miaka 240,000, na hapo hata neno "kizazi" halisaidii tena.

Kenya inaziweka wapi? Oloolua, upande wa Ngong. Kuna kituo cha kitaifa cha kushughulikia na kuhifadhi taka za mionzi, na vyanzo vilivyostaafu vya hospitali, viwanda na vyuo ndiko vinakotakiwa kupelekwa. Msimamizi ni Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia Kenya, KNRA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019. Kabla yake ilikuwapo bodi ya kinga dhidi ya mionzi, tangu miaka ya 80. Tanzania nayo ina kituo chake Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "Kenya haina taka za nyuklia mpaka ijenge mtambo", mwambie apande matatu ya Ngong.

Kazi ya kituo kama kile haina maajabu. Chanzo kinapokelewa, kinapimwa, kinaandikwa kwenye daftari. Kikiwa kidogo, kinafungwa ndani ya kapsuli ya chuma kisichoshika kutu. Taka nyingine zinachanganywa na simiti ndani ya madramu ya lita 200, kwa sababu simiti inafanya mambo mawili kwa mpigo: inazuia miale na inafunga uchafu usitembee. Halafu kuna ukuta mnene, kufuli, kamera, na daftari tena. Njia nyingine ni kumrudishia aliyekuuzia: unaponunua kifaa kipya, mkataba useme cha zamani kitarudi kiwandani. Mimi hiyo ndiyo ninaipenda zaidi. Soda tulikuwa tunarudisha chupa, sembuse kobalti.

Lakini stoo si kaburi. Stoo inahitaji serikali inayolipa walinzi mishahara, na miaka 300 ni mingi sana kutegemea mishahara. Ndipo linakuja wazo la kisima. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, limekuwa likisukuma mbinu iliyoanzia Afrika Kusini: unachimba shimo jembamba, upana wa sahani kubwa ya pilau, kwenda chini makumi ya mita kwenye mwamba mgumu, kisha unapanga kapsuli ndani ya makopo ya chuma, unamwaga simiti, unaziba mpaka juu. Kwa nchi ndogo ambayo vyanzo vyake vyote vya mionzi vingejaa chumba kimoja, kisima kimoja kinaweza kumaliza kazi. Ghana na Malesia ni kati ya nchi zilizotangulia kuifuata njia hiyo. Shimo lenyewe si la kutisha. Mtu wa kuchimba visima vya maji hapa Voi angeliangalia na kuuliza tu bei kwa mita.

Kwa zile taka kubwa, kuni zilizokwisha kuungua ndani ya mtambo wa umeme, kisima hakitoshi. Dunia ina kama tani 400,000 za mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika tangu mitambo ianze, na sehemu kubwa ya yale ambayo hayajachakatwa upya imekaa kwenye mabwawa ya maji na mapipa ya zege kando ya mitambo, ikisubiri uamuzi. Waliofika mbali zaidi ni Wafini. Kisiwani Olkiluoto wamechimba mahandaki yaitwayo Onkalo, zaidi ya mita 400 chini. Mafuta yatatiwa ndani ya mitungi ya chuma cha kusubu iliyovikwa shaba nene, mtungi utazungukwa na udongo wa bentonaiti, na nje ya hapo ni mwamba wenye umri wa miaka karibu bilioni mbili.

Kwa nini udongo? Kwa sababu adui hapa ni maji. Mwamba haumkimbilii mtu. Maji ndiyo yanayopenya ufa, yanakula chuma, yanabeba uchafu na kuuleta kisimani kwako. Bentonaiti ikilowa inavimba na kuziba kila nafasi. Shaba haili kutu upesi mahali pasipo na oksijeni. Kila tabaka limewekwa kwa kudhani kwamba lile la kabla yake litashindwa. Hiyo ndiyo falsafa nzima, na ni ya mtu asiyemwamini mtu, na hapo ninawaheshimu.

Ushahidi kwamba inawezekana uko Afrika, na tungepaswa kujivunia zaidi. Oklo, nchini Gabon, mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani ya machimbo yale ilikuwa imepungukiwa, kana kwamba kuna mtu alikwisha kuitumia. Aliyeitumia ni dunia yenyewe. Karibu miaka bilioni mbili iliyopita, urani na maji vilikutana ardhini na kuwasha mtambo wa asili, ukafanya kazi kwa kipindi kirefu kisha ukazimika. Taka zake ziliachwa hapohapo bila pipa, bila mlinzi, bila daftari. Plutoniamu iliyozaliwa pale ilikufia karibu palepale, haikusafiri. Si kila taka ilitulia, zile za gesi zilitoroka. Lakini mwamba mzuri ulishikilia mengi.

Basi utaniuliza, na nimeulizwa Rukanga mara si moja: huu mwamba wa Kasigau je? Si ni mgumu, wa kale, uko porini? Mazee, kuna hofu ya kila mwaka kwamba mashimo yaliyoachwa na wachimba vito yatageuzwa jalala la watu fulani. Mimi sijawahi kuona ushahidi wowote wa mpango kama huo, na ukiletewa sauti ya WhatsApp inayosema upo, uliza jina, tarehe na hati. Lakini swali la mwamba ni zuri, tulijibu.

Mlima wetu ni wa nisi, jiwe la mistari lililopikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, ukanda uleule uliotupa tsavoraiti. Hata Onkalo kuna nisi. Kwa hivyo kwa jina tunafanana. Sasa simama Bungule, Jora, Makwasinyi au Kiteghe uangalie bomba linatoka wapi. Linatoka mlimani. Msitu wa juu unakamua ukungu, maji yanaingia kwenye nyufa za mwamba na kutokea chini kama chemchemi. Yaani mwamba unaotunywesha unatunywesha kwa sababu una nyufa. Mtaalamu wa taka za nyuklia akiona chemchemi, anafunga daftari na kwenda kutafuta mahali pengine. Na shimo la mchimba vito, lenye kina cha mita chache, wazi juu, linalojaa mvua ya Novemba? Hapo hata betri za gari usitupe.

Kuna jambo lingine la hapa ambalo Wafini hawana. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, Waingereza waliwashutumu watu wa Kasigau kwamba wamemsaidia Mjerumani, wakachoma vijiji na kuwahamishia Malindi. Wengi walifia huko. Waliobaki walirudi miaka ya 1930. Muulize mzee yeyote, hadithi ipo. Lakini muulize pia ni nyumba ngapi zilikuwa upande gani wa mlima, na utaona jinsi kumbukumbu inavyotoboka kwa karne moja tu, tena ya jambo lililouma vile. Wanaotupa taka wanahitaji watu wakumbuke kwa miaka elfu kumi. Kule New Mexico, Marekani, kwenye hifadhi ya WIPP iliyochimbwa kwenye chumvi mita 650 chini, wataalamu walikaa kubuni nguzo na michoro ya kumtisha mtu ambaye hatajua Kiingereza wala lugha yoyote ya leo. Wengine wanasema bora usiweke alama kabisa, maana alama inavuta wachimbaji. Ukiwa umekulia karibu na machimbo ya vito, unajua wana hoja.

Na kuna swali la ruhusa. Eurajoki, kata ya Olkiluoto, ilikuwa na kura ya turufu kisheria. Ingesema hapana, mradi ungekufa. Baraza lake lilikubali mwaka 2000, bunge likafuata 2001. Linganisha na Uyombo, Kilifi, ambako serikali ilitaka kujenga mtambo wa kwanza wa nyuklia wa Kenya: mwaka 2024 wenyeji waliandamana, polisi wakawatimua. Baadaye macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sijasema nyuklia ni mbaya. Umeme tunauhitaji na makaa ya mawe si malaika. Nasema ukimpiga mtu rungu mwaka wa kwanza, usitegemee akuamini kwa miaka mia tatu inayofuata. Mtambo wa megawati 1,000 unatoa karibu tani 25 hadi 30 za mafuta yaliyotumika kwa mwaka. Zitakaa wapi mwaka wa 1, wa 40 na wa 400? Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kuomba habari hizo. Cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Ndugu zetu wa Siaya waulize sasa, kabla simiti haijamwagwa.

Sisi tumalizie na mkokoteni. Alama ya kawaida ni mabawa matatu meusi kama ya feni, kwenye manjano. Tangu 2007 kuna nyingine, pembetatu nyekundu yenye fuvu, miale, na mtu anayekimbia; hiyo hubandikwa ndani karibu na chanzo chenyewe, kukuambia umefungua mbali sana. Lebo ikiwa imebanduka, shuku chuma kidogo chenye uzito usiolingana na ukubwa wake, kwa sababu huenda ni risasi. Shuku zaidi kikiwa na moto bila kuwekwa juani.

Ukikikuta, usipige nyundo, usikate kwa gesi, usikitie mfukoni. Rudi nyuma mita thelathini na uwazuie watu, hasa watoto. Piga 999 au 112, useme neno "mionzi", na usikubali kujibiwa "kilete kituoni". Kama umekigusa, nawa kwa sabuni, vua nguo uzitie mfukoni, usile wala kuvuta sigara kabla ya hapo. Ukianza kutapika, mwambie daktari ulichoshika, kwa sababu yeye peke yake hawezi kubahatisha. Madaktari wa Goiania hawakuambiwa.

Serikali ilipofunga biashara ya skrapu Januari 2022 kwa ajili ya wizi wa vyuma vya umeme, kila yadi ya Voi ilijua ndani ya siku moja. Kwa hivyo njia ya kuwafikia watu hawa ipo. Bango moja la alama zile mbili, kwa Kiswahili, likining'inia juu ya kila mizani kutoka Mtito Andei hadi Mariakani, lingegharimu chini ya kilo chache za shaba. Bado sijaliona hata moja.